Kuhama Chuo Katikati ya Shahada ya Ualimu: Tathmini ya Huduma ya Uhamisho Niliyoipitia

Mwezi Agosti 2024 nilikuwa katika wiki ya tano ya mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya sekondari ya kata. Mhadhiri aliyetumwa na chuo kunikagua alifika saa nne asubuhi, akaomba andalio la somo, yaani mpango wa kipindi kimoja, na azimio la kazi, yaani mpango wa ufundishaji wa muhula mzima, akavipitia akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, akajaza fomu ya tathmini, akaniambia niendelee na moyo huohuo, kisha akaondoka kwa kuwa alikuwa na shule nyingine tatu za kufikia siku hiyo. Wanafunzi 68 wa Kidato cha Pili B walikuwa wakinisubiri kwa kipindi cha Historia, naye hakuingia darasani. Wiki mbili kabla ya hapo, mwenzake alikaa kwenye dawati la nyuma kwa muda wa kama dakika kumi na tano, akaondoka kabla sijafika kwenye swali la kwanza la kuwauliza wanafunzi. Huo ndio muda wote ambao chuo changu kiliniona nikifundisha katika mazoezi ya wiki nane, na alama nilizopewa zilikuwa za juu.

Alama hizo ndizo zilizonitia wasiwasi, maana mimi mwenyewe nilijua kwamba darasa lile lilikuwa likinishinda. Nusu ya kipindi niliitumia kuandika ubaoni, wanafunzi wa nyuma waliendelea na mazungumzo yao, na maswali niliyouliza yalikuwa ya kuitikiwa tu "ndiyo mwalimu". Mtu mwenye uzoefu angekaa dakika arobaini zote angeliona hilo bila shida na angenieleza la kufanya. Nilianza kujiuliza ninalipia nini hasa, na kama kuna chuo kingine ambako ningekipata.

Tathmini hii inahusu huduma ya kuhama kutoka chuo kikuu kimoja kwenda kingine kwa mwanafunzi wa ualimu, jinsi nilivyoipitia kuanzia Septemba hadi Novemba 2024, pamoja na yale niliyoyakuta baada ya kuhama. Majina ya vyuo viwili vinavyohusika nimeyaacha, kwa sababu maofisa na wahadhiri wake ni watu wanaofahamika kirahisi na sikusudii kumharibia mtu jina. Nilikuwa nasoma Shahada ya Sanaa na Elimu, masomo yangu ya kufundishia yakiwa Kiswahili na Historia, na nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza katika chuo binafsi cha mkoani. Sasa nipo chuo cha umma.

Jambo la kwanza ambalo wengi hawalijui, nami sikulijua, ni kwamba kuna njia mbili tofauti za kuhama, na inayokufaa inategemea umeshasoma kwa muda gani. Kwa mwanafunzi aliyedahiliwa mwaka huohuo, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, huweka kwenye kalenda yake ya udahili kipindi maalumu cha uhamisho, ambacho ni kifupi na huja muda mfupi baada ya vyuo kufunguliwa. Mwanafunzi huomba katika chuo anachotaka kwenda, chuo hicho huangalia kama ana sifa za kuingia kwenye programu ile na kama nafasi ipo, kisha jina hupelekwa TCU kwa uthibitisho. Njia hiyo ni rahisi kwa kuwa hakuna kozi zilizokwisha kusomwa za kubishania. Ukiwa umemaliza mwaka mzima, mambo hubadilika, kwa sababu unahama pamoja na krediti, na hapo ndipo kazi yote ilipo.

Krediti kwetu huhesabiwa kwa saa, ambapo krediti moja ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi, zikiwemo za mihadhara, za mazoezi na za kujisomea. Shahada ya kwanza inahitaji krediti 360 kwa uchache, kwa hiyo mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120. Nilimaliza mwaka wa kwanza nikiwa nazo zote 120 na wastani wa 3.9, nami nikaamini kwamba mzigo huo ungebebwa wote kama ulivyo. Nilikosea.

Kabla ya kupeleka maombi nilitumia wiki mbili kuangalia pa kwenda. Kwa anayetaka kuwa mwalimu wa sekondari Tanzania, machaguo ya umma si machache. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina vyuo vishiriki viwili vya elimu, DUCE kilichopo Chang'ombe karibu na Uwanja wa Mkapa na MUCE kilichopo Mkwawa mjini Iringa, vyote vikiwa vimeanzishwa mwaka 2005 kwenye majengo ya taasisi zilizokuwa na historia ndefu ya elimu. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, nacho kina kitivo chake cha elimu, na upande wa Zanzibar kipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, yaani SUZA. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, husomesha kwa njia ya masafa kupitia vituo vyake vya mikoani. Hicho cha mwisho nilikifikiria kwa makini, kwani kingenipunguzia gharama za kupanga chumba, lakini nilikiacha. Kwa mwalimu mwenye stashahada ambaye tayari yupo kazini, anayeingia darasani kila siku na kurudi jioni kwenye vitabu vyake, naona ni mahali panapofaa sana. Mimi nilikuwa sijawahi kufundisha, na nilichokosa kilikuwa ni mtu wa kuniangalia nikifundisha.

Shangazi yangu, ambaye amefundisha sekondari kwa miaka 22, ndiye aliyenisaidia kupanga maswali. Nilimpigia simu nikimweleza habari za majengo, maktaba na jina la chuo, naye alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Mwanangu, siku ya usaili hawataniita mimi wala chuo chako. Utaitwa wewe. Kaulize wanaokufundisha kufundisha ni kina nani, na darasa lenu la mbinu za kufundishia lina watu wangapi." Alikuwa na sababu ya kusema hivyo, kwa kuwa siku hizi ajira za walimu serikalini hupitia usaili wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, tofauti na zamani ambapo mhitimu alisubiri kupangiwa kituo. Cheti kinakufikisha mlangoni, basi.

Nilikwenda na maswali hayo katika chuo nilichokikusudia, nikafunga safari ya basi usiku kucha, na badala ya kuanzia ofisi ya udahili nilianzia kwenye vimbweta, nikazungumza na wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu. Hii ndiyo sehemu ya uchunguzi wangu ninayoithamini kuliko zote. Wanne kati ya sita niliozungumza nao walinieleza jambo lilelile bila kusikilizana: kwamba kozi ya mbinu za kufundishia hutolewa kwa mhadhara mmoja mkubwa, lakini kila wiki wanafunzi hugawanywa katika vikundi vya watu kumi na wawili hadi kumi na watano, kila mmoja hufundisha wenzake kwa dakika ishirini, na mwalimu wa kikundi huandika maoni kwenye karatasi ambayo mwanafunzi hubaki nayo. Katika chuo changu cha awali tulikuwa zaidi ya 300 katika ukumbi mmoja, na katika mwaka mzima sikuwahi hata mara moja kusimama mbele.

Jambo lingine nililolichunguza lilihusu mtaala. Mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika kwa awamu mwezi Januari 2024, na miongoni mwa mabadiliko yake ni somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Kwa mwalimu mtarajiwa wa Historia na Kiswahili, hili si badiliko la pembeni; ndiyo kazi atakayoikuta. Chuoni kwangu tulikuwa bado tunaandaa maazimio ya kazi kwa muhtasari wa somo wa zamani, yaani ule unaopanga mada za kufundisha, na nilipomuuliza mhadhiri alisema mpya ungefika "mambo yakitulia". Katika chuo nilichokitembelea nilioneshwa maandalio ya somo yaliyokwisha kuandikwa kwa muhtasari mpya, mengine yakiwa na makosa yaliyosahihishwa kwa kalamu nyekundu, na yale makosa ndiyo yaliyonishawishi kwamba kazi ilikuwa ikifanyika kweli.

Sasa nije kwenye huduma yenyewe. Ofisi ya udahili ilinipokea kwa adabu. Nilimwamkia mama aliyekuwa kwenye dawati la uhamisho, akaitikia, akanipa kiti, na akaniambia maneno ambayo natamani yangebandikwa ukutani kwa kila anayeingia pale: "Hapa hatupokei mwaka wa masomo, tunapokea kozi moja moja." Alinipa orodha ya nyaraka zinazohitajika. Ilikuwemo barua ya maombi, barua ya ridhaa kutoka chuo nilichokuwa, hati ya matokeo iliyosainiwa na kugongwa muhuri, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, na maelezo kamili ya kila kozi niliyoisoma, yaani mada zake, saa zake na vitabu vyake. Hayo maelezo ya kozi ndiyo yaliyonichelewesha. Chuo changu cha awali hakikuwa nayo mahali pamoja, hivyo nilizunguka idara tano kwa siku tisa, na kozi moja sikuipata kabisa hadi mhadhiri aliyeifundisha aliponitumia kwa simu picha za daftari lake.

Nawasihi wanafunzi wote wa ualimu, hata wasiofikiria kuhama, wahifadhi maelezo hayo kila muhula. Kuhama si lazima kuwe kwa hiari. Mwezi Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu waliokuwa Chuo Kikuu cha Dodoma waliamriwa kurudi nyumbani, na baadaye wengi wao wakapangiwa vyuo vya ualimu vya serikali. Mwaka huohuo TCU ilifunga baadhi ya kampasi za chuo kimoja binafsi na wanafunzi wake wakahamishiwa kwingine. Katika hali kama hiyo mwenye karatasi zake mkononi huanza na nafuu.

Baada ya kuwasilisha maombi nilisubiri wiki sita. Hapa huduma ilinivunja moyo. Niliambiwa jibu lingepatikana ndani ya wiki mbili. Wiki ya tatu nilipiga simu na haikupokewa. Wiki ya nne ilipokewa na kijana aliyesema faili langu lipo idara ya Historia. Idara ya Historia ikasema lipo Shule ya Elimu, yaani kitivo cha elimu cha hapohapo chuoni. Kumbe kila kozi ilikuwa inapelekwa kwa mwalimu wa kozi inayolingana nayo ili aseme kama anaikubali, na walimu wawili walikuwa bado shuleni wakikagua wanafunzi wa mazoezi. Sababu hiyo naielewa, na kwa kweli inatoka kwenye jambo lilelile nililolifuata pale. Hata hivyo, mtu mmoja angenieleza hivyo mapema ningelala usingizi, maana muda huo wote chuo changu cha awali kilikuwa kinanidai nijisajili na kulipa awamu ya kwanza ya ada ya mwaka wa pili.

Jibu lilikuja tarehe 21 Oktoba. Kati ya krediti zangu 120 walikuwa wamekubali 70. Kozi zote za Kiswahili zilipita, za Historia zikapita isipokuwa moja, na Saikolojia ya Elimu ikapita. Zilizokataliwa zilikuwa kozi mbili za mbinu za kufundishia, mazoezi ya kufundisha yenyewe, kozi ya zana za kufundishia na ile moja ya Historia. Kwa hesabu hiyo ningelazimika kubeba kozi za mwaka wa kwanza pamoja na za mwaka wa pili, na kwa kuwa nyingine hutolewa katika muhula mmoja tu wa mwaka, ningemaliza mwaka 2027 badala ya 2026.

Nililia siku hiyo. Baba alisema mwaka mmoja ni mwaka mmoja, na kwamba wadogo zangu wawili walikuwa wakisubiri zamu yao. Upande wa mkopo nao ulihitaji kufikiriwa. Mimi ni mnufaika wa Bodi ya Mikopo, na afisa mikopo wa chuo nilichokuwa alinieleza kwamba mkopo unaweza kunifuata endapo uhamisho utathibitishwa na taarifa zikafika Bodi kwa wakati, lakini akanionya nisiuhesabie mwaka wa ziada, kwa kuwa mkopo hupangwa kwa muda wa kawaida wa programu. Maana yake, fedha za chakula na malazi, ambazo kiwango chake cha juu kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, katika mwaka wa nne zingelazimika kutoka nyumbani, pamoja na ada. Vilevile fedha za muhula wa kwanza zingeweza kuchelewa wakati majina yakihamishwa. Zilichelewa kweli, wiki saba, na kipindi hicho nilikula kwa hisani ya wenzangu wa chumbani.

Nilirudia kuisoma ile barua mara nyingi, na jambo lililonikaa ni kwamba kozi zilizokataliwa ndizo zilezile ambazo mimi mwenyewe, kama ningeulizwa kwa dhati, ningekiri kwamba sikufundishwa. Mtu asiyenijua, akiwa na karatasi tu mezani, alikuwa ameona kwamba mazoezi yangu ya wiki nane hayakuwa na fomu kamili hata moja ya ukaguzi wa kipindi kizima, akakataa kuyahesabu. Mwezi Agosti nilikasirika kwa sababu mkaguzi alinipa alama bila kuniona. Nisingeweza mwezi Oktoba kukasirika kwa sababu mwingine alikataa kuzipokea alama hizo. Nilimweleza baba hivyohivyo. Alinyamaza, kisha akaniuliza ada ya mwaka wa nne ingekuwa kiasi gani, tukakaa tukapiga hesabu. Shangazi alichukua nusu.

Nimeshasoma huku mwaka mzima sasa na nimefanya mazoezi ya kufundisha mara moja, Julai hadi Septemba 2025. Si kila kitu ni kizuri kuliko nilikotoka. Mabweni hayatoshi, na nimepanga chumba mbali, ambako mwenye nyumba alidai kodi ya miezi sita kwa pamoja. Maktaba hujaa kuanzia saa mbili asubuhi, na matokeo ya muhula wa kwanza yalichelewa kuliko kule. Wahadhiri wa Kiswahili niliowaacha walikuwa hodari, tena mmoja wao alikuwa na ufundi wa kufundisha ushairi ambao sijaukuta hapa. Lakini nimesimama mbele ya kikundi changu mara tisa. Katika mazoezi, wakaguzi watatu tofauti walinijia kwa nyakati tofauti, na wote walikaa hadi kengele. Karatasi ya yule wa pili ninayo: ina mistari kumi na moja ya maoni, na wa tatu unasema kwamba swali langu la pili nililijibu mwenyewe kabla wanafunzi hawajapata nafasi ya kufikiri. Kesho yake niliuliza swali, nikahesabu kimyakimya hadi kumi, na msichana wa dawati la dirishani ambaye alikuwa hajawahi kusema neno akanyoosha mkono.

Je, nawashauri wengine wahame? Mwenzangu niliyesoma naye mwaka wa kwanza, anayechukua Hisabati na Fizikia, aliniomba ushauri nami nikamwambia abaki. Idara yake ndogo ilikuwa na wanafunzi wasiofika arobaini, mkaguzi wake alikaa vipindi viwili kamili, na alikuwa ameshafika nusu ya programu, ambapo vyuo vingi hutaka sehemu kubwa ya krediti iwe imesomwa kwao. Kwake hasara ingekuwa tupu. Wapo pia wanaotaka kuhama kwa ajili ya jina la chuo au kwa sababu Dar es Salaam ni Dar es Salaam, na hao nawaomba kwanza wakae siku moja na wanafunzi wa kule wanakotaka kwenda, wawaulize kuhusu ukaguzi wa mazoezi na waombe kuona karatasi walizoandikiwa. Anayehisi mapema, ndani ya wiki za kwanza, kwamba programu si yake, asisubiri mwaka uishe kama nilivyosubiri mimi. Atumie kipindi cha uhamisho cha TCU, ambacho hakimpotezei krediti hata moja.

Huduma yenyewe naipima hivi: uaminifu wa tathmini ya kozi ulikuwa wa hali ya juu, mapokezi ya dawatini yalikuwa mazuri, na mawasiliano baada ya hapo yalikuwa dhaifu kiasi cha kumkatisha mtu tamaa. Tatizo kubwa kuliko yote linaweza kurekebishwa bila gharama kubwa. Masomo ya kufundishia yanayochukuliwa na wengi, kama Kiswahili, Historia na Jiografia, yana kozi za mwaka wa kwanza zinazofanana sana kati ya chuo na chuo. Vyuo vikikaa na TCU vikatoa orodha ya wazi inayoonesha kozi ipi inalingana na ipi, mwanafunzi ataweza kujua siku ya kwanza, kabla ya kulipa nauli ya basi, kwamba atahama na krediti 70 na si 120, na wazazi wake watafanya hesabu ya mwaka wa nne mezani kwao wakiwa na muda wa kutosha.